Kinanda Ulichonitumia

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi ziwafikie wewe na Mama hapo mlipo. Natumaini barua hii itakukuta mgongo umepoa na zamu zako za hospitali zimekuachia angalau siku moja ya kulala mpaka jua liingie dirishani. Mama naye hajambo? Magoti yanamruhusu kushuka ngazi mwenyewe, au bado anakuita umshike mkono halafu anakulaumu kwamba umemshika vibaya? Sisi huku tunapumua, tunakula, na jana nimegombana na wifi yako kuhusu nani aliyemaliza sukari, kwa hiyo ujue nyumba ni nzima.

Najua umeshangaa kupata barua. Nani anaandika barua siku hizi, tena mtu mwenye simu mfukoni? Sababu ninayo na nitaisema humu humu. Nivumilie tu nianze na habari ya kinanda, maana ndicho kilichonifikisha hapa.

Kile kinanda ulichonitumia nilikwambia kwa ujumbe kwamba kimefika na nimekifurahia. Kufika kilifika, wala hakikuwa na hata mkwaruzo. Ila sikukwambia kilichofuata. Nilikitoa kwenye boksi kama mtu anayemtoa mtoto kitandani, nikakiweka juu ya meza ambayo wifi yako hukatia nguo, nikabonyeza kitufe cha kwanza. Kimya. Nikabonyeza cha pili, nikabonyeza kumi kwa pamoja. Kimya kama maji ya mtungini. Dada, kwenye kile kikaratasi chako uliandika kwamba nikichomeka tu kwenye kompyuta kitalia. Hilo neno lako "tu" limenitesa!

Waya uliokuja nacho ulikuwa mfupi. Kompyuta yetu inakaa kwenye kona karibu na soketi, na kinanda kilikuwa upande wa pili, jirani na cherehani. Nikachukua waya wa kuchajia simu ya wifi yako, mrefu, mzuri, nikachomeka. Taa nyekundu ikawaka. Nikapiga makofi. Nikaifungua ile programu ya kurekodia, nikakaa sawa, nikabonyeza. Hakuna kitu. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nikaifuta programu, nikaiweka upya. Wifi yako akauliza kama spika zimewashwa. Nilimtolea macho kwa swali hilo, halafu nilipogeuka nikakuta kweli hazijawashwa. Nikaziwasha. Bado hakuna kitu.

Basi wifi yako akamwita Vidole, yule mpiga kinanda wa bendi yetu, yule aliyekuwa akipiga huku amefumba macho. Alikuja amevaa vizuri kama anakwenda kazini. Akakizunguka kile kinanda, akakiinamia, akakitegea sikio, akapiga kipande kizima kwa mikono yote miwili, na kilichosikika chumbani ni vitufe vikigongagonga tu kama mvua ya manyunyu juu ya bati. Akasema kimekufa. Akasema kimepigwa na baridi kwenye ndege. Wifi yako akamuuliza kama kimekufa mbona taa inawaka, naye akajibu kwamba hata maiti unaweza kumvika viatu. Tulicheka, lakini alipoondoka nilikirudisha kwenye boksi na kukisukuma uvunguni. Sikutaka kukuandikia kwamba zawadi yako imeharibika, kwa sababu nilijua umeinunua kwa jasho.

Kikakaa uvunguni siku kadhaa. Aliyekitoa ni wifi yako. Ana mteja mmoja, mama wa makamo, anayerekodi matangazo ya redio kwenye chumba kidogo nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Watu wanamwita Mama Matangazo. Alikuja kupunguza sketi, na wakati wifi yako anampima kiuno akamweleza mkasa wote. Yule mama akasema sketi isubiri, kinanda kiko wapi?

Dada, sijawahi kuona mtu asiye na haraka kama yule. Hakugusa kitufe hata kimoja. Aliushika waya, akaupitisha vidoleni mwake, akauliza huu ni wa nini. Wifi yako akajibu ni wa simu yake. Yule mama akacheka mpaka akaomba kiti. Akatueleza kwamba kuna waya za kupitisha umeme peke yake, na kuna waya zinazopitisha umeme pamoja na habari. Ule wetu ulikuwa unakilisha kinanda tu, ndiyo maana taa inawaka, lakini kompyuta haikuwa na habari kama kuna kinanda duniani. Akasogeza meza, akachomeka ule waya mfupi wa boksini. Kompyuta ikatoa mlio mdogo, na jina la kinanda likatokea kwenye kioo. Wifi yako akapiga kigelegele. Mama Matangazo akamwambia, "Subiri, mama, bado hatujafika."

Na kweli bado. Akanieleza kitu ambacho sikukijua: kinanda cha aina hii hakina sauti yake. Hakifanani na kile cha Vidole chenye spika tumboni. Hiki kinaiambia kompyuta kwamba mtu amebonyeza kitufe fulani, kwa nguvu kiasi fulani, na kompyuta ndiyo inayotoa sauti. Hiyo lugha wanayozungumza inaitwa MIDI. Sasa ile programu ilikuwa haijaambiwa imsikilize nani. Akaingia kwenye mipangilio, akafika kwenye orodha ya MIDI, na kinanda chetu kilikuwepo pale kimeandikwa jina lake, lakini kisanduku chake hakina alama. Akakiwekea alama. Halafu akaniuliza nimefungua njia gani ya kurekodia. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akasema hiyo ni njia ya maikrofoni, ingesubiri mtu aimbe mpaka mwisho wa dunia. Akafungua nyingine, ya ala, akachagua piano, akabonyeza kile kiduara chekundu cha kuifanya njia isikilize, akanifanyia ishara nipige.

Nikabonyeza kitufe kimoja cha katikati. Kikalia.

Nitarudi kwenye dakika hiyo, Dada. Kwanza nimalize ya kiufundi.

Kililia, lakini kilichelewa. Unabonyeza, unahesabu moyoni, ndipo sauti inakuja kama mtu aliyeamshwa usingizini. Huwezi kupiga wimbo namna hiyo, vidole vinakimbia mbele na masikio yanabaki nyuma. Yule mama akasema kompyuta inajaza ndoo ya sauti kwanza ndipo inaimwaga, na ndoo yetu ilikuwa kubwa mno. Akaipunguza kwenye mipangilio. Sauti ikaja papo hapo, ila inachachatika kama mafuta ya moto yakidondokewa na maji. Akaongeza kidogo, ikatulia. Akakusanya mkoba wake, akamkumbusha wifi yako kuhusu sketi, akaenda zake.

Kesho yake kikanigeukia tena. Ile pedali ya mguuni iliyokuja nacho, ya kurefusha sauti! Nikiikanyaga, sauti inakatika. Nikiinua mguu, sauti zote zinabaki zikining'inia hewani na kurundikana mpaka masikio yakaniuma. Wifi yako akataka kumwita tena Mama Matangazo, nikakataa. Nikakaa nikafikiri. Nikachungulia chini ya meza, nikakuta lile kapu lake la vitambaa limekaa juu ya pedali kama kuku anayeatamia. Yaani kila nilipowasha, kinanda kilikuta pedali imekanyagwa, kikadhani hiyo ndiyo hali yake ya kupumzika. Nikaondoa kapu, nikazima, nikawasha. Kikanitii. Usinicheke, lakini siku hiyo nilitembea mle ndani kifua mbele kama niliyejenga daraja.

Sasa, Dada, ile dakika niliyoiruka.

Kitufe kilipolia mara ya kwanza, nilifanya kile ambacho nimekifanya maisha yangu yote nikisikia sauti ya kinanda. Nilifungua mdomo niifuate. Kikatoka kitu kama upepo unaopita chini ya mlango. Mama Matangazo alidhani nimepaliwa, akaomba niletewe maji. Wifi yako akageuka akatazama cherehani. Hapo yule mama akaelewa kwa nini tangu afike mimi nilikuwa naonyesha kwa mkono na mke wangu ndiye anayesema. Alisogeza kiti chake kikawa sambamba na changu, akaniambia taratibu, "Piga tena, baba. Piga."

Sauti yangu haipo, Dada. Ule upasuaji wa uvimbe wa shingo niliokwambia umekwenda vizuri, ulikwenda vizuri kweli, uvimbe umetoka wote na haukuwa ule wa kuogopwa. Lakini mshipa wa fahamu unaoendesha sauti uliguswa. Daktari aliniambia tusubiri, huenda ukaamka. Nikasubiri. Ndiyo maana nilikuwa nakuandikia ujumbe kwamba mtandao ni mbaya, kwamba spika ya simu imeharibika, kwamba niko kazini. Nilitaka siku nikipokea simu yako usikie yule yule, usiwe na la kukukosesha usingizi juu ya mzigo wa Mama ulio nao. Mara ya mwisho daktari aliangalia kooni kwa ile kamera yake, akakaa, akaniambia tusidanganyane: kuzungumza kwa kunong'ona nitazungumza, kuimba hapana. Nilimwitikia kwa kichwa. Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, nikapita ule ukumbi tuliokuwa tukipiga Jumamosi, nikavuka barabara ili nisisikie wanafanya mazoezi na nani.

Wewe ulipotuma kinanda uliniomba jambo moja, nimrekodie Mama ule wimbo aliokuwa akituimbia akikusuka nywele, mimi nimekaa chini nikipiga kigoda. Uliniambia kila jioni anauliza mwanangu ataimba lini. Nadhani unaelewa sasa kwa nini lile boksi lilikuwa zito kulisukuma uvunguni kuliko lilivyokuwa kulipokea mlangoni.

Basi wimbo nimeurekodi, umo kwenye flashi iliyomo ndani ya bahasha hii. Vinanda vyote utakavyosikia ni mimi, na zile filimbi ni mimi, hata ngoma nimezipiga kwa vitufe hivyo hivyo. Anayeimba ni wifi yako.

Ndiyo, huyo huyo unayemjua, anayesema hata kupiga mluzi hajui. Alikataa wiki nzima. Alisema yeye ni fundi cherehani, akikosea mshono anafumua, sauti ikishatoka ataifumulia wapi? Nikamwonyesha kwenye kompyuta kwamba hata sauti inafumuliwa. Nilikuwa siwezi kumwimbia afuatishe, kwa hiyo nilimpigia mstari kwa mstari kwenye kinanda, kitufe kimoja kimoja, naye ananifuata. Akipotea narudia kitufe kile kile mpaka anakipata. Tulitundika nguo za wateja ukutani ili chumba kisitoe mwangwi, tukazima feni, jasho likatutiririka. Mara mbili alilia katikati tukaanza upya. Mara moja nililia mimi, na hapo hatukuanza upya, kwa hiyo ukitega sikio vizuri kuna mahali kinanda kinasita. Nimekiacha hivyo.

Nakuomba usimfiche Mama. Usimwambie eti nina mafua. Masikio yake unayajua, neno la pili tu atajua si mimi, na atafikiri mabaya kuliko yaliyopo. Mwambie kwanza, mchana, ameshakula, umemshika mikono. Mwambie mwanao hana maumivu, anakula, anashona vifungo mke wake akizidiwa, na yule mama wa matangazo amempa kazi ya kutengeneza vile vimuziki vifupi vya redioni. Wiki iliyopita nimemaliza cha kiwanda cha magodoro. Akishalia, mpe muda alie. Kisha mwekee wimbo.

Mimi bado nina siku nzito, sitakudanganya tena. Kuna asubuhi naamka na wimbo mdomoni halafu nakumbuka. Wifi yako huniacha kwanza, halafu ananiuliza tu, wimbo gani, nami naenda kumwonyesha kwenye vitufe.

Msalimie sana Mama, umwinamie kwa niaba yangu. Wasalimie wenzako wa kazini waliokusaidia kuchagua kinanda. Wifi yako anakusalimu na anasema akosolewe na yeyote isipokuwa Mama.

Ukimaliza kusoma, nipigie. Nitapokea mwenyewe. Ila kaa mahali penye utulivu, funga na mlango, na usiite haloo, haloo, kama mtu aliyekatikiwa. Nyamaza kidogo. Utanisikia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Chiriku