Rupia Uliyoisugua, Shangazi Koleta

Shangazi Koleta,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea nisianze kulalamika kabla ya kusalimu, na leo nimekuja kulalamika.

Tangu tukuzike kijijini Keza, pembeni ya migomba yako, kila mtu amepata chake. Kaka alichukua baiskeli, Mama vitenge. Mimi nikapewa lile kopo la sarafu zako za kale. "Devota ana studio Rulenge," walisema, "anajua mambo ya picha na mtandao." Laiti wangempa mtu mwingine!

Shangazi, nani alikutuma uzisugue? Majivu na ndimu! Ulikuwa ukikaa mlangoni na kuzisugua kama sufuria za harusi. Nilipoweka picha ya ile rupia ya Mjerumani, yenye kichwa cha mfalme wao, kwenye kikundi cha wapenda sarafu mtandaoni, bwana mmoja wa Dar aliandika: "Nani kaifanyia unyama huu? Mfalme hana pua!" Watu wakacheka, nikazima simu.

Hata hivyo yule bwana aliitaka. Ila akasema picha ya kawaida haimtoshi, bandia zimezidi. Siku hizi wanataka picha inayozunguka: mtu anagusa kioo cha simu kwa kidole, sarafu inageuka, anaiona mbele, nyuma, mpaka ukingoni, kana kwamba ameishika mkononi. Haya. Nikamwendea fundi baiskeli, akanichongea kibao cha mviringo na kukiweka juu ya beringi kuukuu. Nikaisimamisha rupia kwa nta ya mshumaa. Nageuza kidogo, napiga picha. Nageuza tena, napiga. Halafu programu ya simu inaziunga zote.

Kwa maneno ni rahisi. Lakini wewe uliing'arisha hadi ikawa kioo! Kila picha ina uso wangu, pua yangu mahali pa pua ya mfalme. Nikatundika chandarua kuzunguka meza ili mwanga upoe. Jirani yangu muuza chipsi akachungulia: "Devota, na sarafu nazo zinaugua malaria?" Nta ikalainika kwa joto la taa, rupia ikaanguka. Nikaanza upya. Umeme ukakatika. Siku ile nilikutaja vibaya, Shangazi, na sikuomba radhi.

Mwishowe ikazunguka vizuri, ikapendeza. Nikaiweka kwenye kikundi, yule bwana akakubali kununua. Nilikuwa nimeshaitia kwenye bahasha ulipoingia ujumbe wa mwanamke nisiyemjua, Mrundi anayeishi mbali, nchi za baridi. Jina lake Esperansi.

"Dada, nimeigeuza ile rupia yako mpaka kidole kinauma. Ukingoni kuna mikato ya kisu. Babu yangu ndiye aliyeikata, ili asiichanganye na za wengine. Tulipokuwa wakimbizi huko kwenu, mama yangu aliiacha kwa mama mmoja wa Keza anaitwa Koleta. Unamfahamu?"

Nikakaa kwenye kile kiti cha wateja wa picha za paspoti, na mteja mwenyewe amesimama ananitazama.

Kila nilipoligusa kopo lako ulisema, "Acha, hizo ni za watu." Mimi nikadhani watu wa kale, marehemu wa zama za Mjerumani. Kumbe watu hasa, wenye majina! Ulishindwa nini kuniambia? Ulipokuwa mgonjwa nilikaa kitandani pako tukaongea maharage, tukaongea mbuzi wa jirani aliyekula mihogo yako, tukamsengenya katekista. Ya rupia, hata neno. Ningeiuza, Shangazi! Ilikuwa kwenye bahasha!

Nilimwandikia Esperansi kwamba umefariki. Akajibu kwamba mama yake, aliyerudi Burundi vita vilipotulia, amelazimika kukimbia tena, na sasa yuko hapa hapa wilayani kwetu Ngara, mahali pa mapokezi ya wakimbizi karibu na mpaka, anangoja basi la kwenda kambini Kibondo. Simu ya mama ilikuwa imezimika. Asubuhi nikapanda bodaboda na bahasha kifuani.

Nilimkuta amekalia furushi lake. Nikamsalimu kwa Kihangaza chetu, akanijibu kwa Kirundi, tukaelewana. Nilipotaja jina lako alitazama nyuma yangu, njiani.

"Koleta hakuja? Miguu inamsumbua?"

Ilinibidi nimwambie mimi. Kwa nini mimi, Shangazi? Alijifunika uso kwa kitenge. Kisha akanisimulia jinsi ulivyotoka barabarani na chungu cha viazi vitamu, mvua inanyesha, ukawaingiza jikoni kwako yeye na watoto wake, ukawachochelea moto. Jinsi kambini wezi walivyokuwa wakipekua mahema, akakuletea rupia ya baba yake akasema, "Nishikie." Hukuuliza kitu. Halafu siku ya malori ya kuwarudisha kwao ikafika ghafla, wakapakiwa, asipate hata nafasi ya kukuaga.

Nilimpa rupia. Alipapasa ukingo kwanza, akaipata ile mikato, ndipo akaitazama. Akaangua kicheko.

"Ameisugua! Nilimwambia imefubaa, akasema nitaikuta inang'aa." Akacheka hadi kicheko kikageuka kilio, nami nikalia naye, nikiwa bado nimekasirika.

Majina yakaanza kuitwa. Akasimama, akajitwika furushi, akairudisha rupia mkononi mwangu.

"Mama, ni yako."

"Huko niendako sijui nitalala na nani. Nishikie wewe."

"Mimi si Koleta, Mama."

"Naona," akasema. Akakikunja kiganja changu juu ya rupia, akaenda kupanga foleni.

Basi umefurahi? Bwana wa Dar nimemwambia haiuzwi, amenitukana kwenye kikundi mbele ya watu. Na kopo bado limejaa, na sasa kila sarafu nikiishika naona kuna mtu anaidai. Nimeanza kuzipiga moja moja, chini ya chandarua, ukingo nao uonekane. Chini ya kila picha naandika: haiuzwi, anayeijua aseme alama yake. Jirani anasema nimerukwa na akili. Huenda.

Nakuahidi, kwa hasira hii hii, sitauza hata moja kabla ya kuitafutia mwenyewe. Na wakija, nitawaleta Keza wakusalimu.

Pumzika, Shangazi. Mama Esperansi akishuka kwenye basi, siku yoyote ile, atanikuta.

Devota wako