Igizo Bila Maneno

Kwako Baba,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, umekaa dirishani, miwani imeteremka puani, na ile redio yako inaongea peke yake kwa sababu huisikii lakini hutaki mtu aizime. Goti linaendeleaje? Usinijibu kwamba halina neno, maana kwako hata mguu ukikatika hauna neno. Muulize mama, kisha uniandikie atakachosema yeye. Na mama je? Bado anakaa kwenye kiti chake kile kile mezani, kinachotazamana na chako, ambacho tangu utoto wetu hakuna aliyethubutu kukikalia? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, chumba changu hakivuji tena, na mwenye nyumba ameacha kunitafuta ubaya. Kaka amelalamika kwamba nikipigiwa simu sipokei. Mwambie mtandao wa huku ni wa kubahatisha.

Kwenye barua yako uliniuliza nafundisha nini hasa, kwa sababu majirani wakikuuliza unasema "ni mwalimu" halafu unabadilisha mazungumzo. Haya, waambie hivi: nafundisha maigizo, kompyuta na michezo, watoto wa shule ya msingi, madarasa ya chini yote. Masomo yenye mitihani waligawana wenzangu, na haya matatu yaliyobaki nikatupiwa mimi. Mwalimu wa hesabu, jirani yangu pale ofisini, ananiita mwalimu wa makombo. Namwambia anayekula makombo halali njaa. Tunataniana hivyo, ingawa siku hizi utani wetu umeingia mchanga, kama utakavyoona.

Kompyuta zetu ziko kwenye chumba kilichokuwa stoo ya madawati. Ni chache na ni kuukuu, kwa hiyo watoto wanakaa watatu watatu: mmoja anashika mausi, mmoja anabonyeza kibodi, na wa tatu ni mshauri. Mshauri haruhusiwi kugusa kitu, kazi yake ni kutoa maoni tu, nikipiga makofi wanabadilishana. Ukitaka kuona mtu anayeteseka duniani, mwone mtoto wa miaka minane aliyepangiwa kuwa mshauri. Maigizo tunafanyia kwenye ukumbi wa chakula, tukishasukuma mabenchi ukutani. Michezo tuna uwanja wa vumbi, matairi, magodoro mawili ya zamani ya kubingirikia, na ngazi ya vyuma ya kuparamia iliyopakwa rangi ya bluu. Hiyo ngazi ikumbuke.

Katika watoto wote hao, wawili ndio watakaokuhusu. Mmoja ni msichana tunayemwita Spika, kwa sababu Mungu alimpa koo ambalo lingetosha watoto wanne. Akiitika mahudhurio, mlinzi wa getini naye huitika. Mwingine ni rafiki yake, mvulana mwembamba tunayemwita Sindano, hodari wa kuparamia kila kinachosimama. Wanaandamana kama kidole na pete, huyu akikohoa yule anashika kifua.

Muhula uliopita tulikuwa na siku ya wazazi. Darasa la Spika na Sindano lilionyesha igizo la familia inayohama nyumba, na ndani yake hapakuwa na neno hata moja. Vitanda visivyoonekana vilibebwa, bibi asiyetaka kuondoka alishawishiwa kwa mikono, na Spika, ambaye ndiye alikuwa bibi, alilia bila kutoa sauti mpaka wazazi wakatoa leso. Mwalimu Mkuu, mama asiyebabaishwa na jambo dogo, alifuta macho mbele ya wageni. Aliniuliza wazo kubwa kama lile nililitoa wapi. Nikamwambia nililisoma kitabuni. Wote wakasema mwalimu wa makombo ana kipaji, na mimi nikapokea sifa hizo kwa mikono miwili.

Sasa nikupe habari mbaya, Baba, maana nimezunguka vya kutosha. Wiki iliyopita Sindano alianguka kutoka juu kabisa ya ile ngazi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja, kwenye magodoro, nimewapa mgongo walioko ngazini, namshika kichwa mtoto mmoja aliyekuwa anaogopa kubingirika. Mara nikamwona Spika amesimama mbele yangu, anahema, vumbi mpaka magotini, akaniambia Sindano ameanguka. Nilipogeuka, yule mtoto alikuwa chini, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo, na mwalimu wa hesabu alikuwa ameshapiga magoti kando yake. Alikuwa ametoka darasani kwake, akaacha chaki na watoto wake, akavuka ua mzima. Alinitazama jicho ambalo silisahau.

Mkono umefungwa plasta, na daktari amesema utaunga. Mama yake Sindano, fundi cherehani, alikuja shuleni na tepu ya kupimia bado shingoni. Nilitegemea anigombeze, ningeona afadhali. Alinishika bega tu akasema watoto ndio walivyo, na maneno hayo yalinichoma kuliko matusi.

Kilichofuata ndicho kinachoninyima usingizi. Mwalimu wa hesabu alisema mbele ya walimu wote kwamba Sindano alipiga kelele kwa muda mrefu, na mwalimu wake hakugeuka. Mwalimu Mkuu akataka kujua kwa nini na watoto waliokuwa pale hawakuita. Aliwaita mmoja mmoja ofisini, kila mmoja akatazama viatu vyake. Akabaki Spika. Huyu ndiye aliyekuwa juu ya ngazi pamoja na mwenzake, na huyu ndiye mwenye sauti ya kuamsha mtaa, lakini siku hiyo alizunguka uwanja mzima mbio, mdomo umefungwa, akaja kusimama mbele yangu ndipo akasema. Alipoulizwa kwa nini hakupiga kelele, hakujibu. Alipoulizwa kama alimsukuma mwenzake, akalia, lakini hakujibu. Sindano alisema mkono uliteleza wenyewe, nao walimu wakaona ametishwa. Mwalimu Mkuu akaamua kwamba mtoto asiyejitetea ana la kuficha. Spika akaambiwa akae nyumbani mpaka wazazi wake wajadiliane na kamati ya shule, na habari zikaenea kwamba ni mtoto hatari.

Kabla hajaondoka na begi lake, niliomba niongee naye kwenye chumba cha kompyuta. Nilimuuliza kwa upole, nikamwambia simkasirikii. Kwanza aliangalia kama mlango umefungwa. Kisha akanishika mkono, akanisogeza mpaka dirishani, akasimama pale ambapo mwanga unampiga usoni, na akaanza kusema polepole, akifungua midomo vizuri. Aliniambia kupiga kelele kusingesaidia kitu kwa sababu mwalimu hasikii. Na kama angepiga, walimu wengine wangekuja na kuona kwamba mwalimu hasikii, halafu mwalimu angefukuzwa.

Walijua, Baba. Darasa zima lilijua. Waligundua tangu mwanzoni mwa mwaka na wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe: hakuna kumsemesha mwalimu akiwa amegeuka, anayetaka kusema apunge mkono kwanza, asimame kwenye mwanga. Kwenye kompyuta, mshauri alikuwa amepewa kazi nyingine nisiyoijua, kunivuta shati mtu akiniita. Waliapishana kutosema hata nyumbani. Mimi nilijisifu kwamba darasa langu lina nidhamu kuliko yote. Nilidhani mimi ndiye mwalimu wa maigizo, kumbe nilikuwa nimekaa katikati ya igizo lao.

Basi nawe sasa umejua. Sisikii, Baba. Simu za kaka sizipokei kwa sababu ndani ya simu nasikia ngurumo tu, mtandao hauna kosa lolote. Ilianza na filimbi. Nilipuliza filimbi ya michezo nikaihisi kwenye meno lakini sauti sikuiona inakwenda wapi. Nikadhani imeharibika, nikanunua nyingine, nayo nikaona mbovu, nikanunua ya tatu. Zote ziko kwenye droo yangu, na zote ni nzima. Baada ya filimbi wakaondoka ndege, kisha zikaondoka sauti nyembamba za watoto. Lile igizo bila maneno, lililomliza Mwalimu Mkuu, halikutoka kwenye kitabu chochote. Kwenye mazoezi nilikuwa sisikii wanachosema, nikaogopa kushindwa kuwasahihisha, nikayafuta maneno yote.

Nilikwenda kwa daktari wa masikio kimyakimya. Aliniuliza kama kuna mtu mwingine kwenye ukoo. Nikamweleza kuhusu wewe, ila nikamwambia wewe ulimalizwa na msumeno wa kiwanda cha mbao. Alitikisa kichwa, akasema huenda msumeno uliusukuma tu mlango uliokuwa umeshaegeshwa. Najua umemlaumu mwenye kiwanda miaka yote hii, na sikuandikii ili kumsafisha, kelele ile ingemuumiza mtu yeyote. Lakini mwambie kaka awapeleke watoto wake wakapimwe, na asiseme atakwenda kesho.

Baada ya kuongea na Spika nilikaa siku mbili nikijitetea moyoni. Nikasema nitasubiri kamati, labda watamsamehe. Nikasema nikifukuzwa nitakula nini, na nani ataajiri mwalimu kiziwi. Kila nikifika hapo namwona yule mtoto anabeba begi lake kupita getini, amefunga mdomo kwa ajili yangu. Wewe ulikuwa ukituambia mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tukicheka kwa sababu tulijua nani anaficha nini pale nyumbani. Safari hii maradhi yalifichwa na mimi, na aliyeumbuliwa ni mtoto wa mwenzangu.

Leo asubuhi nilipiga moyo konde nikaingia kwa Mwalimu Mkuu, nikamweleza yote. Kisha akaanza kuongea kwa nguvu, akizidi kupaza sauti, kama watu walivyokuwa wakikufanyia wewe dukani, mpaka nikaona mishipa ya shingo yake. Nikamwomba asipige kelele, anitazame tu. Akaniuliza kama hata lile igizo nalo. Nikasema hata lile. Akageukia dirishani akasema kitu, na mimi sikukipata. Miaka miwili, Baba, watu wakisema nisichokisikia nimekuwa nikicheka au kutikisa kichwa. Leo nilimwambia mama huyu: samahani, sijasikia, naomba urudie.

Akageuka, akarudia. Alisema Spika arudi darasani kesho, na yeye mwenyewe atakwenda kwao kuomba radhi. Kuhusu mimi, uwanja nimenyang'anywa kuanzia leo, na hakuficha kwamba ni haki. Maigizo na kompyuta nitaendelea nayo mpaka wakubwa wa elimu waamue, na hakuniahidi wataamua nini. Mwalimu wa hesabu ndiye atakayeshika michezo. Nilimpa filimbi zote tatu, nikamweleza kisa chote mpaka habari ya wale washauri. Alisimama mbele yangu, akanyoosha uso wake, akaniambia ningemwambia mapema, kwa sababu kwenye dawati letu yeye ndiye angekuwa mshauri.

Nina hasira nawe kidogo, Baba, na ni bora niiseme. Uliigiza miaka yote ile, ukicheka tulipocheka, na mama akirudia kila neno huku akijifanya anajiongelea mwenyewe. Mimi nilijifunza kuficha nyumbani kwetu kabla sijajua ninajifunza. Lakini pia nimejua kitu ambacho hukutuambia kamwe, kwamba inachosha. Jioni uso unaniuma kwa kutazama midomo ya watu. Kumbe ulipokuwa ukirudi kazini na kufumba macho kabla hata ya kula, na mimi nikikupigia kelele za hadithi zangu mpaka ukanipa jina la Chiriku, haikuwa kwamba hutupendi. Ulikuwa unapumzika.

Nisalimie kaka na wifi, wabusu watoto wao, na mwambie jirani fundi saa kwamba nimemkumbuka. Mama usimsomee barua hii haraka, msubiri amalize kazi zake kwanza. Shule zikifungwa nitakuja nyumbani, niwe bado mwalimu au nisiwe. Mama asihamishe kiti chake, kibaki pale pale kilipo. Lakini wewe sogea kidogo, unipe nafasi ubavuni kwako, ili akizungumza tumwone sote wawili.

Ni mimi mwanao,

Chiriku