Alama Mbili za 1993

Lornah, uko? Nimetoka kwa Mwalimu Amolo hapa Migosi sasa hivi. Anahama, anachoma makaratasi yote ya chuo.

Unakumbuka ile kazi ya kikundi ya 1993, alisema kila mtu apee wenzake alama kwa siri? Mtu akanipea mbili kwa kumi. Mbili, na ni mimi nilienda mpaka Luanda Kotieno kuhoji mama samaki, ni mimi nilipiga taipu kurasa zote.

Miaka yote hii tunamwita Zadock wa kikundi chetu Bwana Mbili. Hiyo jina ni wewe ulianza. Hata kwa matanga ya mamake huko Katito ulininong'onezea, tukacheka kama wajinga.

Sasa Mwalimu amenipatia karatasi zenyewe. Zadock alinipea tisa. Yule mvivu, tisa.

Mbili ni mwandiko wako, Lornah. Na sababu yako umeiandika vizuri sana: "Anafanya kila kitu peke yake, halafu analalamika."

Wacha kupiga simu, sishiki.

Pengine hata ilikuwa ukweli. Lakini ulilala kitanda cha juu yangu miaka miwili. Ungeinama tu uniambie.