Povu Juu ya Dimbwi

3 Machi

Kwa kaka,

"Chura ni chura, nikifukia dimbwi hili atazaa kwenye jingine." Umeniandikia hayo bila haya, wewe uliyekulia ukingoni mwake! Hujambo lakini? Kifua cha mama kinaendeleaje? Mimi mzima, ila hasira.

Vyura wetu wa mtini hawatagi majini. Jike hutoa ute, yeye na madume huupiga kwa miguu ya nyuma mpaka uumuke kama povu la sabuni. Mayai hukaa humo, kwenye tawi lililoinama juu ya maji. Viluwiluwi wakianguliwa, povu hulainika, wanadondoka. Ukifukia maji, watadondokea kifusi. Hukumbuki ulivyoapa kwamba mti unatema mate? Mama alipotuita kula, tulijifanya viziwi ili tuendelee kulitazama.

Vyumba vyako vya kupangisha vijenge upande wa barabarani.

Dada yako

19 Machi

Kwa dada mkali,

Mama anakusalimu, kifua kimetulia. Mimi sijambo, mgongo tu.

Barua yako imechelewa. Tawi nilishalikata ili lori lipite, ndipo nikaliona povu kwenye majani. Mkono uligoma kulitupa. Nimelitundika kwenye kamba ya nguo, chini nikaweka beseni la maji. Mama hana mbavu: "Fundi mzima analea mimba ya chura!" Lakini yeye ndiye anayelinyunyizia maji kila asubuhi, na nguo anafulia kwenye ndoo.

Jana walianza kudondoka, mmojammoja, halafu kwa mafungu. Nikageuka nikuonyeshe, kama utotoni. Kumbe nyuma yangu ni mifuko ya saruji.

Hata hivyo kifusi kinakuja Jumatatu. Nimeshaahidi wapangaji.

Kaka yako

23 Machi

Kwa kaka, na kwa mafundi wake,

Habari za kazi? Mama mpe pole ya ndoo. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi akufikishie mkononi.

Nimeisoma yako nikalia, kisha nikawaka upya. Unawalea kwenye beseni huku unawafukia kwao? Beseni halina tope wala ukoga wa kijani, watakula nini? Na wakikomaa, watarudi kutaga wapi, kwenye dari la mpangaji? Wapangaji waambie wasubiri, ramani igeuzwe.

Kaka, beba beseni hilo sasa hivi, ukalimwage dimbwini taratibu. Nanyi mafundi, lori likipiga honi Jumatatu, msilifungulie geti.

Dada yenu