Vidonge vya Kopo la Vifungo

Mkwe wangu,

Mkirudi kutoka kwa daktari, chai iko kwenye chupa na mkate nimeufunika. Saa za dawa atakayoandikiwa mjukuu wangu Kidege zibandike mlangoni pa jikoni. Nitazifuata mpaka siku ya mwisho, hata homa ikishuka mapema.

Vile vidonge ~~nimevitupa jalalani~~ nimevitoa tena jalalani, watoto wasije wakaviokota. Navipeleka duka la dawa, wao wanajua pa kuviharibu.

Ni vya antibiotiki, nilivyoandikiwa kwa jino langu. Siku ya tatu maumivu yalipopoa nikaacha kumeza, nikavihifadhi kwenye kopo la vifungo, nikijiona mama mwenye akiba. Leo asubuhi Kidege kaamka na homa, analalamika koo, nikamtilia maji kwenye kikombe, kidonge kikiwa tayari kiganjani. Sikujua kuwa dawa za jamii ile zilimvimbisha uso akiwa mchanga. Wakati ule sikuwa nikiishi nanyi, na leo sikuuliza.

Ulinishika mkono tu. Hukupiga kelele. Ukamwambia Kidege, "Bibi anakuonyesha rangi za kidonge, ona, nyekundu na njano." Kisha ukanieleza pembeni, taratibu, kama unayemvalisha mtoto shati. Mwingine angenivua nguo mbele ya mjukuu. Asante, mwanangu.

Lakini Kidege akiuliza tena habari ya zile rangi, mwambie kweli: Bibi alikosea, na mama akawahi.

Bibi yake, na mama yako