Jiwe la Pikapu Yetu

Mpendwa Tata, baba yangu,

Pikapu imeuzwa. Kando ya ghala la pareto limebaki doa la oili tu. Nimelitazama mpaka Mama akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Unakumbuka ulivyoinunua kwa mzungu wa Sotik aliyekuwa akirudi kwao? Gesima yetu nzima ilikuja kuigusa. Nawe ulikuwa na mambo yako! Huwashi injini kabla ya kuomba. Kila kona honi, hata kama ng'ombe wamelala zao. Kwenye mteremko unazima kabisa kuokoa petroli, tunashuka bila mngurumo huku ukiimba nyimbo za kanisani. Jumamosi unaifunika turubai ipumzike Sabato, sisi tunakanyaga tope kwenda ibadani kama watu wasio na gari.

Handbreki yake haikushika. Kwa hiyo kati ya watoto wanane ulinichagua mimi nikae mbele, jiwe miguuni. Ukisimama mlimani unaita, "Moraa, jiwe!" nami naruka kuliweka nyuma ya gurudumu. Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Nilipoanza kukua, watu wakaanza kusema. Heshima yetu, ile chinsoni, haitaki msichana mkubwa abanane na baba yake. Siku moja mzee wa kanisa aliomba lifti, akanikuta mbele, akasimama mlangoni akingoja nishuke. Ukamwambia, "Huyu ndiye breki yangu. Akienda nyuma, sisi wote tutaishia mtoni." Mzee wa watu akapanda juu ya magunia, akapiga chafya za pareto mpaka Keroka. Nilicheka moyoni njia nzima. Nyumbani ulikuwa baba wa amri, Tata, lakini mle garini uliniuliza nataka kuwa nani, na ukasubiri jibu.

Kisha nikaharibu. Nilikuwa kidato cha pili, nimevaa yunifomu, na wenzangu wamejaa pale Keroka. Ukaita, "Moraa, jiwe!" Nikaona haya. Nikakujibu, "Tata, si utengeneze tu hii handbreki!"

Hukunigombeza. Ulishuka mwenyewe ukaliweka. Likizo iliyofuata uliniambia imeshatengenezwa. Mzee wa kanisa akakaa mbele, mimi nikapanda nyuma. Hatukuzungumza vile tena, na sasa umekufa.

Siku ya kuiuza, fundi wako aliijaribu mlimani nikiwa kando yake. Aliposimama tu, nilikuwa nimeshashuka, mimi mwalimu mzima, na jiwe mkononi. Akacheka sana.

"Wee mwalimu, wacha hiyo mawe! Handbreki ya hii gari nilitengeneza kitambo, ukiwa bado standadi seveni. Mzee wako aliniambia ninyamaze."

Nilikaa kwenye majani nikalia, yeye akidhani nalilia gari. Tangu nikiwa darasa la saba hukuhitaji jiwe. Ulitaka binti yako akae karibu nawe, na hukuwa na sababu nyingine ya kuwaambia watu. Nami nikakunyang'anya hiyo moja kwa sababu ya wasichana ambao leo hata majina yao siyakumbuki.

Nimekukumbuka mno, Tata. Jiwe sikuliuza. Liko kwangu Nyamira, karibu na mlango, na wageni huuliza ni la nini. Huko uliko, ukifika penye mlima, simama uite. Nitashuka, hata Keroka yote ikitazama.

Binti yako, breki yako,
Moraa