Bomba la Juu Halikatwi

Gitting, Jumamosi

Yaani nimemkuta fundi baiskeli ameshashika msumeno! Nilichagua ile fremu kuukuu kwa sababu mabomba yake ya chuma ni membamba na mepesi. Ukiyagonga yanalia kama kengele. Ile mpya ni nzito kama gogo. Likizo nataka kufika Singida kwa baiskeli.

"Shikamoo, fundi. Msumeno wa nini?"

"Marahaba, mwalimu. Nakata hili bomba la juu, iwe ya kike. Utapandaje na sketi?"

"Ukilikata, fremu italegea njiani. Liache."

"Watakucheka mpaka Masakta."

"Wacheke."

Naogopa, nakiri. Mama akisikia...

Lakini kama lazima kitu kikatwe, sketi nimeshaikata katikati. Sasa naishona iwe suruali.